Jinsi ya kusoma muswada wa serikali unaotaka meseji zako zilizofungwa

Hii habari inarudi kila mara, leo nchi hii kesho nchi ile. Kunatokea shambulio, au kesi ya mtoto aliyeumizwa ambayo ukiisikia inakuuma kweli, alafu waziri anasimama anasema polisi wameshindwa kusoma simu ya mtuhumiwa kwahiyo kampuni zilazimishwe kufungua. Wa upande mwingine wanajibu faragha, faragha, na baada ya hapo ni kelele tu, huyu anaambiwa anatetea wahalifu yule anaambiwa anataka udikteta. Mi nimefuatilia huu ubishi miaka mingi na kinachoniumiza ni kuona watu wanachagua upande kabla hawajasoma hata ukurasa mmoja wa kilichoandikwa. Kwahiyo naweka hapa namna mimi ninavyosoma pendekezo kama hilo likitoka, naliuliza nini na naanzia wapi, ili la kwenu likitoka usiburuzwe na mtu.

Anza kwa kujua data inayotakiwa iko wapi

Hapa ndo wengi wanapotea. "Data iliyofungwa" sio kitu kimoja. Kuna meseji ikiwa njiani kutoka simu yako kwenda ya mwenzako, kuna vitu vilivyolala ndani ya simu yenyewe, kuna bakapu, yaani nakala ya akiba, iliyoko kwenye seva (kompyuta kubwa) za kampuni, na kuna zile taarifa za pembeni, yaani nani kamtumia nani, saa ngapi, akiwa wapi, hizo watu wa fani wanaziita metadata. Kila moja ina mlango wake na mwenye ufunguo wake. Ukisoma muswada usikubali maneno ya jumla jumla, kila kifungu kiulize, unazungumzia ipi kati ya hizi?

Usimbaji ni kufunga ujumbe usisomeke bila ufunguo, na usimbaji wa mwisho hadi mwisho maana yake ufunguo unatengenezwa kwenye simu zenu wenyewe na hautoki hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni simu yako na ya unayeongea naye basi, seva inabeba mzigo ambao yenyewe haiwezi kuusoma. WhatsApp waliuwasha kwa watu wote Aprili 2016. Mwaka huo huo Signal, apu nyingine ya meseji, walipelekewa amri kutoka Virginia kule Marekani watoe taarifa za mteja, wakatoa walichokuwa nacho, siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa na seva, basi. Hawakuwa wakaidi, hicho kingine hawakuwa nacho kabisa. Hili lishike vizuri kwasababu mtu akikwambia "kampuni inakataa kutoa meseji" mara nyingi ukweli ni kwamba haina cha kutoa, na anachoomba kiukweli ni bidhaa ivunjwe ijengwe upya ili kuanzia kesho iwe nacho.

Bakapu ni hadithi tofauti. Unaweza ukawa na meseji zimefungwa vizuri njiani alafu nakala yake ikalala kwenye seva ambayo kampuni ina ufunguo wake, na hapo mahakama ikiagiza inatolewa. Apple walileta Desemba 2022 chaguo la kufunga karibu bakapu yote ya iCloud kiasi kwamba hata wao hawawezi kufungua, na Februari 2025 wakaliondoa kwa watumiaji wa Uingereza baada ya vyombo vya habari kuripoti kwamba serikali imewapa amri ya siri. Ona sasa, hakuna aliyegusa meseji zikiwa njiani, ni bakapu tu, lakini kwa mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye bakapu matokeo ni yale yale.

Tafuta jina lililopewa mlango wa nyuma

Hutakuta muswada umeandikwa "tunataka mlango wa nyuma", yaani njia ya kando ya kusoma kilichofungwa. Kila nchi ina neno lake zuri na kazi yako ni kulijua. Uingereza sheria yao ya 2016 inazungumzia notisi ya uwezo wa kiufundi, maana yake kampuni inaambiwa ijiweke tayari kuweza kutoa. Australia walipitisha yao Desemba 2018, nao wakaandika kabisa kwamba kampuni haitalazimishwa kuweka "udhaifu wa kimfumo", ukisoma haraka unafurahi, lakini ubishi mzima uko kwenye tafsiri ya hayo maneno mawili, udhaifu unaowekwa kwa mtu mmoja leo kesho unabakije kwa mtu mmoja? India kanuni za 2021 zinataka apu kubwa iweze kumtaja mtu wa kwanza aliyeanzisha ujumbe, na WhatsApp walienda mahakama kuu ya Delhi kupinga kwasababu ili umjue aliyeanzisha ujumbe mmoja inabidi uweke alama kwenye ujumbe wa kila mtu, huwezi kujua mapema ni upi utaulizwa.

Alafu kuna hii ya kukagua kabla ya kutuma. Wanasema hatugusi usimbaji, simu yako yenyewe ndo itaangalia picha kabla haijafungwa, ikiona mbaya inaripoti. Tume ya Ulaya ilileta pendekezo Mei 2022 la kuzilazimisha kampuni kutafuta picha za unyanyasaji wa watoto hata kwenye mazungumzo binafsi, na tangu hapo limevutwa huku na kule. Mi nakwambia wazi, hili ndo gumu kuliko yote kulijibu kwasababu lengo lake ni zuri na madhara ni ya kweli, watoto wanaumizwa kweli, ukijibu kwa dharau utakuwa umekosea. Lakini soma utaratibu wake. Apple wenyewe walitangaza mfumo wa aina hiyo Agosti 2021, ndani ya wiki chache watafiti wakatengeneza picha mbili tofauti kabisa ambazo mfumo unaziona ni moja, na Desemba 2022 Apple wakauacha. Na mashine haijui muktadha: mwaka 2021 huko Marekani baba mmoja alipiga picha ya mtoto wake mgonjwa kwasababu kliniki ilitaka daktari aione, mashine ya kampuni anayotumia ikaisoma kama uhalifu, polisi wakachunguza wakamsafisha lakini akaunti yake ya miaka haikurudi. Na kumbuka pia, mfumo unaotafuta picha za aina moja hauna chochote ndani yake kinachouzuia kutafuta bango la maandamano, inabadilishwa orodha tu.

Sasa swali kubwa, ufunguo atashika nani na ukipotea je

Kama una muda wa kuuliza swali moja tu uliza hili, na usikubali jibu la "utalindwa". Uliza utalindwaje, na nani, kwa muda gani, na ukiibiwa nani ataambiwa. Mifano ipo tele na ndo maana hapa nakaa kidogo.

Mwaka 1993 Marekani serikali ya Clinton ilileta chipu iliyoitwa Clipper, ya kuweka kwenye simu, inasimba mazungumzo lakini ufunguo wa akiba unagawanywa vipande viwili vinakaa kwa taasisi mbili za serikali. Kwenye karatasi inapendeza, hakuna mmoja anayeweza peke yake. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze akaonyesha kwamba ile data inayotumwa pamoja na mazungumzo ili serikali iweze kusoma ilikuwa inalindwa na hakiki fupi sana ya biti 16 tu, unaweza kuighushi ukatumia chipu bila serikali kuweza kufungua. Yaani mhalifu mjanja anakwepa, raia wa kawaida ndo anabaki na ufunguo wake kabatini kwa watu. Mradi ukafa kabla ya muongo kuisha.

Ugiriki ndo mfano ninaoupenda kuwaambia watu kwasababu hauna nadharia hata kidogo. Mitambo ya simu ya Vodafone kule ilikuwa na uwezo ndani yake wa kunasa simu kwa amri halali. Kuanzia 2004 hadi 2005 kuna watu wakaingia wakauwasha kimya kimya, wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya waziri mkuu mwenyewe na mawaziri. Mlango uliwekwa kwa ajili ya polisi, akaupita mtu mwingine, na aliyesikilizwa ni serikali yenyewe.

Ukidhani ni mambo ya zamani, Marekani sheria ya 1994 ililazimisha kampuni za simu ziweke uwezo wa kunasa mawasiliano mahakama ikiamuru. Miaka 30 baadaye, 2024, ikatoka habari kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China, kundi lililopewa jina Salt Typhoon, wameingia kwenye mitandao ya kampuni kubwa za simu na wamefika mpaka kwenye mifumo inayoshughulikia hayo maombi ya mahakama. Desemba ya mwaka huo maofisa wa serikali hiyo hiyo wakawashauri wananchi watumie apu zenye usimbaji. Kwa miaka FBI, polisi wa shirikisho wa Marekani, walilalamika kuhusu usimbaji, na siku nyumba ilipoingiliwa usimbaji ndo ukawa ushauri wa serikali.

Na kama kuna mtu anasema wakala wa usalama wanajua kutunza siri, mkumbushe Aprili 2017. Zana za udukuzi za NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, zilivuja, mwezi mmoja baadaye moja ya hizo ikabebwa na kirusi cha WannaCry kikafunga kompyuta kwenye nchi kama 150 na hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Hao ndo mabingwa wa dunia wa kutunza siri. Hata funguo za kawaida za chuma, zile za kufungua makufuli ya mabegi viwanja vya ndege vya Marekani, picha yake ilitokea gazetini na kufikia 2015 watu walikuwa wanazichapisha nyumbani kwa mashine za 3D.

Kuna pia udhaifu unaobaki hata baada ya sheria kufa. Miaka ya 1990 Marekani ilizuia kuuza nje usimbaji imara, kwahiyo programu zikatengenezewa toleo dhaifu la wageni. Sheria ikalegezwa, toleo dhaifu likasahaulika ndani ya programu, na 2015 watafiti wakagundua kwamba unaweza kuzilazimisha seva nyingi za wakati huo zirudi kwenye lile toleo, shambulio lenyewe linaitwa FREAK. Kwahiyo muswada ukisema "hatua ya muda" uliza na kuiondoa itaondolewaje.

Uliza nani mwingine atabisha hodi

Hili halichukui muda mrefu. Kampuni moja inafanya kazi nchi nyingi. Ikishajenga uwezo wa kufungua kwa ajili ya nchi yenye mahakama huru, nchi nyingine itakuja na karatasi yake na kusema mbona mnaweza. Urusi waliwataka Telegram watoe funguo, walipokataa wakafungiwa Aprili 2018 mpaka Juni 2020. Mtumiaji mmoja wa huko akaipeleka kesi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na Februari 2024 mahakama ikasema kulazimisha kufungua usimbaji wa mwisho hadi mwisho kunagusa watu wote sio mtuhumiwa tu, na hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni jambo la lazima katika jamii ya kidemokrasia. Ukiandika maoni yako huo uamuzi utaje.

Mpe polisi haki yake

Hapa nawaomba wenzangu wa upande wa faragha tuwe wakweli. Zipo kesi ambazo ushahidi unabaki umefungwa na mwenye haki anakosa haki yake, ukikataa hilo mzazi aliyempoteza mtoto hatakusikiliza tena, na atakuwa sahihi. Cha kufanya ni kuuliza pengo lina ukubwa gani hasa na lina njia gani nyingine ya kuzibwa.

Ukubwa kwanza. FBI walikuwa wanasema kwa mwaka mmoja wameshindwa kufungua simu na vifaa 7,775, namba ikatajwa mpaka kwenye hotuba, na 2018 wakakiri kwamba walihesabu vibaya, idadi ya kweli ikakadiriwa kati ya 1,000 na 2,000. Bado ni nyingi, mimi sizidharau, lakini muswada unaojengwa juu ya namba lazima namba ikaguliwe kwanza. Kwahiyo wizara ikitoa takwimu uliza, hizo ni simu au ni kesi? Zingapi zilifunguliwa baadaye? Zingapi mtuhumiwa alipatikana na hatia bila simu?

Njia nyingine zipo na zinafanya kazi. Baada ya shambulio la San Bernardino kule Marekani Desemba 2015 lililoua watu 14, FBI walipata amri ya kuitaka Apple iandike programu maalum ya kuondoa ulinzi wa iPhone ya mshambuliaji mmoja. Apple wakakataa, dunia nzima ikagawanyika, na Machi 2016 FBI wakaiondoa kesi wenyewe kwasababu walipata mtu wa nje aliyeifungua. EncroChat, mtandao wa simu zilizokuwa zinapendwa na wahalifu wakubwa, polisi wa Ufaransa na Uholanzi waliuingilia na ikatangazwa 2020, maelfu wakakamatwa. Mwaka 2021 ikajulikana kwamba apu ya ANOM ambayo wahalifu walikuwa wanaiamini ilikuwa inaendeshwa na FBI, watu zaidi ya 800 wakakamatwa. Njia hizi nazo zina maswali yake ya kisheria, usizimeze nzima nzima, lakini zinalenga mtu au kundi, hazidhoofishi simu ya kila mtu aliyelala nyumbani kwake. Hiyo tofauti ndo moyo wa ubishi wote. Muswada unaompa polisi bajeti, wataalamu na kibali cha jaji cha kuingia simu ya fulani mi naweza kukaa nao mezani, unaotaka kila simu itoke kiwandani na tundu siwezi.

Na usisahau zile taarifa za pembeni. Mtu akikwambia polisi "wamepofuka" mkumbushe kwamba leo simu inasema mtu alikuwa wapi, na nani, kwa muda gani, kuliko wakati wowote wa nyuma.

Jiulize pia mhalifu atafanya nini siku sheria ikipita. Kanuni za hisabati za usimbaji wa aina hii zimechapishwa tangu 1976, PGP, programu ya kusimba barua pepe, ilitoka 1991 na msimbo wake ukasambaa dunia nzima. Mwenye nia mbaya na ujuzi kidogo atahamia apu isiyo na kampuni ya kuandikiwa barua. Wanaobaki kwenye apu dhaifu ni mke anayejificha kwa mume anayempiga, mwandishi na chanzo chake, wakili na mteja wake, daktari na mgonjwa wake.

Angalia usiri wa amri yenyewe

Vifungu vya mwisho mwisho watu hawasomi na ndo vyenye hatari. Angalia, kampuni ikipewa amri inaruhusiwa kusema? Jaji anahusika kabla au anaambiwa baadaye? Kuna ripoti kwa bunge kila mwaka? Uingereza mwenye kupokea notisi haruhusiwi hata kuthibitisha kwamba ipo, na serikali ikataka hata kesi ya Apple ya kupinga amri ile isikilizwe kwa siri yote mpaka jina lisijulikane, baraza la rufaa la mambo hayo likakataa Aprili 2025. Sheria ikikataza watu wasijue imetumika mara ngapi hutakuja kujua kama inafanya kazi.

Ukishamaliza, andika

Maoni ya kamati yakifunguliwa usitume barua ya kunakili, wanazijua na wanazihesabu kama moja. Andika ukurasa mmoja kwa maneno yako, taja namba ya kifungu, sema kinamgusa nani unayemjua kwa kazi yake bila kumtaja jina, alafu pendekeza neno libadilishwe liwe lipi. "Futa kifungu" ni halali, lakini "ongezeni kwamba hakuna mtoa huduma atakayelazimishwa kuondoa au kudhoofisha usimbaji" inampa mbunge kitu cha kubeba mkononi. Kama unajua habari za kompyuta omba kwenda kuongea mbele ya kamati, wabunge wengi hawajawahi kuelezewa ufunguo unakaa wapi na wakielezewa kwa upole wanaelewa haraka.

Wakati huo huo angalia simu yako, dakika kumi zinatosha. Apu unayotumia inasimba mwisho hadi mwisho yenyewe au mpaka uwashe? Telegram kwa mfano mazungumzo ya kawaida hayako hivyo, ni yale ya siri tu. Kwenye WhatsApp ingia mipangilio, sehemu ya bakapu, uwashe usimbaji wa bakapu, unaweza kuchagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukichagua tarakimu ziandike kwenye karatasi, uzihakiki mara mbili, uiweke mahali tofauti na simu, kwasababu ukizipoteza kampuni haiwezi kukusaidia. Mimi nilipoteza picha za miaka miwili kwa njia hiyo, zikiwemo za mtu ambaye hayupo tena, na bado usimbaji wa bakapu nimeuacha umewashwa, karatasi sasa ziko mbili na moja anayo dada yangu.